Ndege Aliyekataa Mtama wa Eustache

Jirani yangu Eustache alilinda lango la matajiri wa Kiyovu miaka ishirini na sita, na alichotoka nacho huko ni koti moja na tabia ya kulisha ndege, aliyojifunza kwa bosi wake. Alipostaafu akarudi hapa Rwezamenyo, akaokota dishi la televisheni lililokufa, akalisimamisha juu ya nguzo uani, akalijaza mtama. Ndege walikuja wengi hata kivuli chao kikazuia nguo zangu kukauka siku tatu. Asiyeamini aje, nguo zenyewe bado ninazo.

Mke hana, watoto wake wako Bujumbura, na kwa siku hasemi maneno kumi. Lakini kwa ndege husema mpaka mate yanamkauka. Anawajua wote kwa sauti, hata akiwa chooni.

Sasa Benon, kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, ana ugonjwa wa usafi. Ganda la ndizi likianguka kule mbali Gisimenti, yeye hapa anapiga chafya. Jumatatu alikuja, akatazama kinyesi na makapi chini ya nguzo.

"Muzehe, Jumamosi ni umuganda. Watu wakija kusafisha mtaa, hili dishi nalo litang'olewa."

Eustache alishindwa kula siku hiyo. Ugali wake wa mchana alinipa mimi, nikaumaliza kwa huzuni.

Kesho yake akatua ndege wa ajabu. Kahawia, mdomo mwekundu kama aliyepakwa rangi ya kucha, jicho limezungukwa na pete ya manjano. Hakukaa kama ndege mwenye adabu. Alinata kwenye nguzo, akapanda na kushuka kama mjusi.

"Mukecuru, huyu simjui," Eustache akaniambia mimi bibi kizee, kwa aibu ya mtu aliyesahau jina la mkwewe.

Mtama, akakataa. Wali, akakataa. Papai, andazi, hata ndagala zangu, dagaa wazuri kabisa, alizipita kama hazipo. Siku ya tatu mabawa yakaanza kulegea, na Eustache akawa hataji tena habari ya Benon.

"Akinifia hapa kwa njaa, dishi nitaling'oa mwenyewe," alisema. "Sitalisha ndege tena."

Hapo nikachukua kitenge changu, nikaenda kwa Benon.

"Mudugudu, kwa Eustache iko ndege hali kitu. Anatembea tu, anakagua. Nadhani wakubwa wako wamemtuma aangalie usafi wako."

"Mukecuru, wewe hata padri amekuchoka."

"Haya. Lakini mguuni ana kitambulisho."

Alikuja. Njiani akachomekea shati.

Tulimkuta ndege kwenye ngozi ya ng'ombe niliyoianika uani, akichana manyoya ya ile ngozi kwa mdomo. Benon akasimama. Uso wake ukarudi utotoni.

"Huyu ni shashi," akasema polepole. "Mimi nimechunga ng'ombe kule Karagwe mpaka nikaota ndevu. Shashi hukaa mgongoni mwa ng'ombe, anakula kupe. Atakuwa alipanda lori la ng'ombe kutoka Nyagatare, hakujua linakwenda machinjioni."

"Kupe," Eustache akasema. "Kigali hii, kupe nitawatoa wapi?"

"Muulize aliyewamaliza," nikamwambia.

Benon akajikuna shingo, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa asubuhi akarudi na kisanduku cha kiberiti. Ndani, kupe hai kutoka machinjioni, wamenona kama maharage. Huyu ni mtu aliyeniandika daftarini kwa ganda moja la parachichi. Akawamwaga juu ya ngozi kwa mkono wake. Shashi akashuka, akala, na wale wanaume wawili wamechuchumaa, hakuna anayethubutu kukohoa. Mimi nilihesabu kupe mia nne. Benon anasema walikuwa kumi na mmoja.

Jumamosi watu walifika na majembe, wakaizunguka nguzo. Benon akawa wa kwanza kuinua jembe, na Eustache akageuza uso ukutani. Jembe likachimba kuizunguka nguzo, halikuigusa.

"Leteni changarawe," Benon akasema. "Tumwage hapa chini, uchafu usishike udongo. Na wewe, muzehe, ufagio kila asubuhi."

"Na kupe?" Eustache akauliza, bado amekabili ukuta.

Benon akatazama huku na huku kama kuna mkubwa anayesikia.

"Kupe niachie mimi."