Walipoiita Ngitili Yetu Pori

Hiyo filamu walituonyesha mchana, ndani ya darasa, madirisha yamezibwa kwa maturubai ya kuanikia mpunga. Tuliambiwa inahusu ugomvi wa wakulima na wafugaji kijijini kwetu. Mimi nimo, nalia mbele ya majivu ya nyumba yangu.

Ikaanza vizuri. Ng'ombe, mawe yetu, ziwa kwa mbali. Halafu ikaja sauti ya mwanamume, nzuri kama ya redioni: "Ugomvi ulianza baada ya pori kugawiwa kwa kilimo."

Pori? Nikaruka. "Zima hiyo!"

Hawakuzima.

Ile ilikuwa ngitili. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo halitaki shule. Ngitili ni malisho ya akiba. Baba yangu na jirani zake waliifunga mvua zikianza, hata mbuzi haingii, mpaka kiangazi kikaushe kila kitu, ndipo inafunguliwa. Mpita njia anaona nyasi tu.

Aliyeiita pori kwanza ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Namtaja, anune. Akamkatia kipande tajiri wa mpunga, jamaa wa Nyamagana, trekta likaingia. Kiangazi tukapeleka ng'ombe wenye njaa palepale tulipozoea, wakala mpunga. Vibarua wa tajiri wakaja na mapanga na viberiti, wakaanza na nyumba yangu maana ndiyo iliyopakana. Nilitokea dirishani. Mume wangu alikuwa mgonjwa kitandani, hakutoka.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti akasema pale darasani. "Neno moja tu hilo."

"Neno moja ndilo lililonifanya mjane!"

Nyuma mtu akadakia, "Mwambie, mama! Pori liko kwake, kichwani!" Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Mwenye filamu akanijia kwa adabu. "Shikamoo, mama. Sauti tumeshamaliza, haibadiliki. Wiki ijayo tunaionyesha mjini."

"Marahaba. Basi nitoe mimi."

"Mama, bila wewe kulia filamu haina uzito."

"Ndiyo maana nakwambia. Chozi langu halisindikizi neno hilo mjini. Sema ngitili, au unitoe."

Kabla ya kunijibu akamtazama mwenyekiti. Hapo nikajua lile neno kalitoa wapi.

Nikalivuta turubai la dirishani, likaanguka. Jua likajaa darasani, na sura yangu ikafutika pale ukutani, ingali inalia.