Muuaji wa Saa Kumi

Kila siku baada ya swala ya alasiri tulikutana kibarazani, sisi wanawake wa mtaa, kumsikiliza muuaji. Hakuwa mmoja, kila siku ilikuwa na wake. Simu iliegemezwa kwenye birika la chai, na kijana mwenye sauti nzito, ambaye sura yake hatujapata kuiona, akatusimulia jinsi mtu fulani alivyoua wanawake wengi huko Ulaya au Amerika, na siku nyingine karibu zaidi kuliko tulivyopenda. Sisi tulichambua mchele huku masikio yamesimama. Hakuna aliyekwenda hata kumwaga maji kabla hadithi haijaisha.

Kibaraza kilikuwa cha jirani yangu hapa mtaani Iftin, mama mcheshi aliyewalea mabinti wawili wa marehemu dada yake. Mabinti walimwita habaryar, yaani mama mdogo, na sote tukamwita hivyo. Binti mkubwa alikuwa ameolewa mtaa wa nyuma. Mdogo alikuwa bado nyumbani, ndiye aliyetumiminia chai. Mimi ni mke wa kuja, kwetu ni ng'ambo ya Mto Tana. Kisomali nakielewa chote, hata kile cha kunisengenya, lakini wenzangu wamezoea kunisemesha Kiswahili.

Kijana wa simu alitufundisha tabia za wauaji. Muuaji wa aina hii, alisema, si mtu wa makelele. Ni mpole, ana salamu nzuri, vitu vyake amevipanga, na akishaua huja mazikoni kutazama watu wanavyolia. Alipenda kumalizia kwa "kikulacho ki nguoni mwako." Tulitikisa vichwa kwa pamoja, kisha tukageuza macho ng'ambo ya barabara, kwenye duka la dawa.

Mwenye duka alikuwa mtu wa bara, anaishi peke yake, na sauti yake ni ya kubembeleza mtoto. Kosa lake kubwa lilikuwa usafi. "Mtu anabanga dawa kwa mstari namna hiyo," Habaryar alisema, maana kwake p huwa b, "wallahi huyo iko na kitu kwa roho." Tulicheka, lakini tangu siku hiyo nilianza kununua dawa ya kichwa duka la mbali zaidi.

Ugonjwa huo ulinifuata hadi nyumbani. Mume wangu ni mfanyabiashara wa ngamia, huenda Tarbaj kununua, na akirudi huongea kidogo sana. Husafisha kisu chake mwenyewe. Hukunja kikoi mpaka pembe zikutane. Nimeishi naye miaka mingi bila kuona ajabu, lakini siku moja nilisimama mlangoni nikimtazama akikikunja, nikihesabu mikunjo. Aliponiuliza natazama nini nikamwambia hakuna. Ningemwambia nini?

Kisha binti mkubwa wa Habaryar akafa. Tuliambiwa ni homa. Aliugua siku chache, mumewe akamwita mwenye duka la dawa aje amtundikie maji, na kulipokucha hakuwa nasi tena. Wanaume waliporudi makaburini walisema mwenye duka naye alikuja, akasimama kando kwa sababu si Mwislamu. Wanawake walitazamana.

Mimi huosha maiti. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, na watu wa mtaa huu huniita kwa wanawake wao. Kwa hiyo binti yule nilimwosha mimi, na mwenzangu mmoja akinimiminia maji. Kwenye kiwiko nilikuta tundu la sindano, dogo, kama la mgonjwa yeyote aliyewekewa maji. Juu ya kiwiko nilikuta mambo mengine. Mikono yote miwili ilikuwa na alama za vidole, vinne upande huu na gumba upande ule, mahali mtu anaposhikwa akatikiswa. Nyingine zilikuwa mbichi. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuwa njano kama ganda la embe. Ubavuni pia palikuwa na rangi hiyo. Mwenzangu aliona, akageuzia uso ukutani, akaendelea kumimina maji.

Mwosha huoshwa. Nami nitalala juu ya ubao ule siku moja, na ningependa atakayeniosha azike anayoyaona. Ndiyo sharti la kazi yetu. Tulimvika sanda, tukatia kafuri, tukatoka. Kama kipigo hicho ndicho kilichomuua, au ni homa kweli, sijui mpaka leo. Sikuweza kulala vizuri kwa sababu ya kutojua.

Matanga hayajaisha, Habaryar akanivuta jikoni. "Walaal, ndugu yangu, uliona nini?"

"Niliona maiti ya Mwislamu, nikaisitiri."

"Sindano ilikuwa wabi? Niambie tu wabi."

Nilinyamaza. Wengine nao wakaja, mmoja mmoja, na sukari mkononi eti wananijulia hali. Swali lao lilikuwa hilo hilo la sindano. Nilipozidi kunyamaza, kimya changu wakakifanya ushahidi. "Kama hakuna kitu, kwa nini hasemi?" Haukupita muda, vijana wakaupiga mawe mlango wa duka la dawa, na mwenye duka akawa anafunga jua likiwa bado juu. Nilikasirika. Yule mtu nilimwogopa mimi mwenyewe, lakini kwa yale niliyoyaona hakuwa na kidole hata kimoja.

Ndipo tukasikia kwamba wazee wa mgane wameleta maneno. Kwa watu wa hapa, mke akifa, mdogo wake anaweza kupewa mume aliyebaki, ili ujamaa usikatike. Walikuwa wanamtaka yule anayetumiminia chai. Kila mtu alisema ni kheri. Mgane anajulikana, babu zake unaweza kuwataja hadi uchoke, anafanya kazi ofisini, msikitini yuko safu ya mbele. Ni mpole. Ana salamu nzuri. Katika wanawake wote wale walioshinda na wauaji wa simu, hakuna hata mmoja aliyempima kwa kipimo kile. Kipimo kilikuwa cha wageni.

Nilimwendea ustadhi anayetusomesha sisi wanawake. Sikumtajia mtu. Alinisikiliza macho chini, akasema: "Aibu ya maiti ifiche. Dhulma aliyofanyiwa si aibu yake." Nilitoka pale mwepesi kidogo, nikaenda moja kwa moja kibarazani.

Muuaji wa siku ile alikuwa ameanza. Habaryar alikuwa peke yake, mchele mapajani. Nikamwomba azime simu, akaizima, macho yakimng'aa. Alidhani sindano imefika.

Nikamweleza yote, vidole, gumba, rangi ya njano, ubavu. Nikamwambia asimwoze huyu mdogo kwa mgane. Nilikuwa nalia, na sioni haya kusema hivyo.

Alingoja mpaka nikamaliza. "Na sindano?"

"Sindano ilikuwa ya maji ya mgonjwa, Habaryar. Mwenye duka mwacheni."

Uso wake ukasawijika, kama mtu aliyefungua zawadi akakuta matambara. "Hiyo tu?" akasema. "Hiyo ni mambo ya nyumba, walaal. Mume na bibi wanagombana. Mimi nilifikiri umeona kitu." Akaondoa punje mbovu katika mchele, kisha akanyoosha mkono akawasha simu.

Binti mdogo alikuwa ndani, mlangoni. Alinisindikiza hadi kwenye lango kwa adabu, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Nilitaka kumwomba radhi kwa kusema mambo ya dada yake akisikia. Akanishika mkono wa nguo.

"Eddo," aliniita, maana mimi kwake ni kama shangazi, "usifikiri Habaryar hajaelewa. Anajua. Dada alikuwa anakuja hapa. Habaryar ndiye alikuwa anamkanda na maji moto, halafu anamwambia arudi kwake."

Nyuma yetu sauti nzito ilikuwa ikieleza jinsi majirani wa muuaji walivyoshangaa, na Habaryar alikuwa akisema "subhanallah" kwa huruma ya kweli. Nilimwelewa, na kumwelewa kukanitia hofu zaidi. Muuaji wa mbali, au wa ng'ambo ya barabara, angemwondolea mzigo wa lawama ambao maji moto hayakuuondoa.

"Ijumaa wanakuja," binti alisema. "Nikikataa mbele yao, siku hiyo nitalala wapi?"

Nilimwambia akachukue nguo zake.