Kamba Moja, Mashamba Mawili

Mama alikuwa ameshachovya dole gumba kwenye wino. Karatasi ilikuwa juu ya meza ya mwenyekiti wa kitongoji, ikisema kwamba anabadilishana shamba na baba mdogo: letu la mraba, kando ya barabara ya Matai, kwa lake jembamba linalofuata kijito. Shamba letu ndilo lililokuwa likitulisha mahindi na ulezi tangu baba afariki. Asubuhi ile kamba ya ng'ombe ilizungushwa pembezoni mwa yote mawili, ikatoka sawasawa. Ndivyo babu alivyopima enzi zake, na hakuna aliyewahi kubisha.

"Ngoja, mama," nikasema.

Baba mdogo akanigeukia. "Wewe fundi cherehani, hesabu umezijulia wapi?"

Hapo alinishika pabaya. Hesabu za shule zilinitoa jasho, na la saba nilifeli. Lakini siku moja, kibandani kwangu mtaa wa Chanji, nilishona lesi kuzunguka kitambaa cha meza, kisha lesi ya urefu uleule kuzunguka mtandio mwembamba. Lesi sawa, kitambaa kimoja kikubwa mara mbili ya kingine! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Tangu hapo nikawa nachezea maumbo kwenye vipande vya vitambaa, kwa raha tu, kama wenzangu wanavyocheza bao.

Mbele ya mwenyekiti sikuona raha yoyote. Nikikosea, nimemwita baba mdogo mwizi hadharani. Nikaomba bakuli la maharage. Nikapanga safu tisa, kila safu punje tisa, nikazungusha uzi na kuukata ulipokutana. Uzi huohuo nikauzungusha kwenye safu mbili tu, kila moja punje kumi na sita. Ukatosha barabara.

"Chukulieni kila punje ni tuta moja, haya ya duara tunayofukia nyasi," nikasema. "Hesabuni."

Mwenyekiti akahesabu kwa kidole. Themanini na moja. Thelathini na mbili. Akarudia, midomo ikicheza.

Mama akafuta dole kwenye kitenge, harakaharaka. Nilijiandaa kwa matusi. Lakini baba mdogo hakufoka. Aliinamia zile safu mbili, akawa anazigusa punje mojamoja.

"Babu yako alitugawia kwa kamba hiihii, mimi na baba yako," akasema. "Kaka akajaza ghala, mimi nikaambulia makapi. Nilidhani la kwenu lina baraka. Ukoo mzima mkaniita mvivu."

Mama akatazama chini. Jina hilo mimi nilijifunza kwake, nikiwa mdogo, na nikaliimba njia nzima ya kwenda kisimani.

"Hili la uzi umelijua lini?"

"Mwaka wa tatu huu, baba mdogo."

"Na mvivu mkaendelea kuniita," akasema, akachukua kamba yake, akatoka.