Siku Kamusi ya Papa Ilipoonekana

Papa alinipigia simu Jumapili, ibada ikiwa imetoka tu, sauti za wanakwaya bado zinasikika nyuma yake. Yeye yuko Butembo. Mimi niko Beni, ambako natengeneza tovuti za maduka na shule.

"Mama," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi binti yake wa kwanza, "mujukuu wangu anasema kamusi yangu iko bila kichwa."

Mjukuu huyo ni binti wa dada yangu, anayesoma ng'ambo. Mwalimu wake alikuwa amewaomba wanafunzi waeleze chakula cha kwao. Akaandika "obundu" kwenye moteur, ile mashine ya kutafutia mambo kwenye interneti, akafungua majibu moja baada ya jingine, mpaka akaangukia ukurasa mweupe wenye maneno ya Kinande na maana zake kwa Kifaransa. Hapakuwa na jina la kitabu, wala la mwandishi, wala pa kubonyeza uende kwingine. Alitambua kazi ya babu yake kwa sababu ya mfano mmoja uliotaja mbuzi aliyekula Biblia ya shangazi.

Aibu ikanishika, kwa kuwa tovuti ile niliijenga mimi. Papa ni mwalimu mstaafu. Alikusanya maneno ya lugha yetu maisha yake yote ya kazi, nami nikiwa mwanafunzi nikayaweka kwenye interneti kwa kufuata kitabu cha zamani cha kutengeneza tovuti. Kitabu kilisema fremu, nikaweka fremu. Dirisha moja likagawanywa sehemu tatu: jina la kamusi juu, herufi kushoto, maneno kulia. Ukibonyeza herufi, maneno yanabadilika, lakini herufi zinabaki zimesimama palepale, na Papa alizipenda sana kwa kusimama kwao. Nilichokuwa sikijui wakati ule ni kwamba kila sehemu ni ukurasa wake peke yake, na moteur huzichukua mojamoja, kama mtu anayechana kitabu na kutupa jalada.

Nilingoja siku ambayo barabara ilikuwa nzuri, nikapanda kwenda Butembo na kompyuta yangu.

Tulikaa mezani, nikaandika jina la kamusi kwenye moteur. Ilitokea chini kabisa ya majibu, na mahali pa jina palikuwa pameandikwa "Nouvelle page 1", yaani ukurasa mpya wa kwanza. Chini yake kulikuwa na sentensi moja ya Kifaransa, kwamba programu yako haiwezi kuonyesha fremu. Papa aliisoma kwa sauti ya darasani, kisha akanigeukia.

"Hii njo kazi yangu ya miaka yote? Juu ya nini banaandika hivi?"

"Hapana bo banaandika, Papa. Ni miye. Programu yenye nilijengea tovuti njo ilitia ile phrase, ya batu benye hawawezi kuona fremu. Moteur nayo inatafuta maandishi, na ku page ya mbele ile phrase njo maandishi peke yake."

Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Basi tuipatie kitu ya kusoma!"

Hapo ndipo raha ilipoanza. Mahali pa ile sentensi Papa alinisomea aya nzima niiandike: kamusi hii ni ya lugha gani, ni ya nani, inasemwa wapi. Halafu tukaanza kuupa kila ukurasa jina lake, na chini yake kiungo cha kumrudisha msomaji kwenye kamusi nzima. Tulienda vizuri mpaka N. Kwenye N tukagombana.

Katika Kinande karibu kila jina la kitu huanza na a, e au o, kwa hiyo Papa alipanga maneno kwa mizizi. Obundu, ugali wetu, na omundu, yaani mtu, vilikaa pamoja chini ya N, kwenye "-ndu". Na ndivyo alivyotaka ukurasa wa maneno hayo uitwe.

"Papa, nani atatafuta '-ndu'?"

"Mutu mwenye alisoma."

Mama yangu alikuwa anapita na ungo wa maharagwe. Nikamsimamisha. "Mama, ukitaka kutafuta obundu ku téléphone, utaandika nini?"

Akanitazama kana kwamba nina homa. "Obundu."

"Hautaandika '-ndu'?"

"'-Ndu' njo nini?"

Papa akatabasamu. "Donc tutapanga kwa mizizi, mais tutaita kwa jina lenye batu banaita."

Tulifanya hivyo siku tatu. Kila neno kubwa likapata ukurasa wake, jina lake kamili, na maelezo yake. Juu ya obundu Papa aliandika habari za unga, maji yanayochemka, mwiko, na jinsi ya kunawa kabla ya kumega. Aliinuka, akazunguka chumba, akarudi na mfano bora kuliko wa kwanza. Sikuwa nimemwona hivyo tangu astaafu.

Fremu zenyewe alikataa nizitoe. Lakini siku ya tatu aliifungua kamusi kwenye simu yake. Herufi zilijaza nusu ya kioo, na maneno yalibanwa pembeni hata hayasomeki.

"Mujukuu wangu anaangaliaka ku téléphone?"

"Karibu batu bote, Papa."

"Basi toa. Toa zote!"

Nikamwonyesha kwamba siku hizi herufi zinaweza kusimama kushoto bila fremu yoyote, na kwenye simu zikajipanga juu.

"Na haukuniambia mbele?"

"Nilikuambia mara tatu."

Anwani za zamani nikazielekeza kwenye mpya, nikarudi Beni. Moteur huja kusoma kurasa upya kwa wakati wake, haina haraka na mtu. Kila asubuhi Papa aliuliza kwa simu, "Moteur imefika?" na kila asubuhi nilimwambia bado. Wiki zilipita. Siku moja niko na mteja, simu ikalia, Papa anapiga kelele: "Tuko ba kwanza! Ba kwanza!"

Simu yake ilikuwa imemzoea, ikimwekea mbele kamusi aliyoifungua kila siku, kwa hiyo sikuiamini. Nikamwomba mteja wangu, mama muuza vitenge ambaye hajawahi kuisikia kamusi hiyo, aandike "obundu" kwenye simu yake. Tulikuwa wa pili. Wa pili! Jina kamili la kamusi, na chini yake maneno ya Papa mwenyewe. Nilimkumbatia yule mama, naye akauliza kama vitenge vyake pia vinaweza kufanyiwa hivyo.

"Ni ya pili, Papa," nikasema.

"Ya kwanza ni ya nani?"

"Restaurant ya ng'ambo."

"Baache. Batu bakule kwanza, kisha basome."

Mwezi uliofuata ulikuja ujumbe kutoka kwa mtu anayefanya kazi ya forodha Kasindi. Alitafuta neno kwa ajili ya mtoto wake, akaipata kamusi, na alikuwa na malalamiko: kwao, upande wa Kipese, neno moja halina maana ile aliyoiandika Papa. Nilikuwa Butembo Papa alipompigia. Alisimama katikati ya sebule, kalamu mkononi. "Kipese banasema hivyo? Hapana! Rudilia tena, polepole." Walibishana muda mrefu, na kicheko cha yule mtu nilikisikia mpaka pale nilipokuwa nimekaa. Mwishowe Papa akasema "Wasingya," asante kwa lugha yetu, akakata. Hakumaliza hata dakika moja, akampigia tena. Alikuwa amesahau kumuuliza wingi wa lile neno.