Alikolazwa Mtoto wa Sabina

Wifi yangu Sabina nilikuwa namwita Baba Askofu, na wala hakukasirika. Alikuwa mama lishe pale Kisesa, karibu na stendi, lakini ukimsikiliza ungedhani wali na maharage ni kazi ya ziada tu. Kila Jumamosi alifunga kibanda mapema, akajifunga kitenge cha parokia, akaondoka na wenzake wa kikundi cha utetezi wa uhai kwenda kwenye shule za sekondari. Kwenye pochi alibeba mwanasesere wa plastiki, mfupi kuliko kidole cha kati, mwenye pua, masikio na vidole vya miguu. Alimpitisha mikononi mwa wasichana, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu watu wanamwita mimba," aliwaambia. "Mungu anamwita kwa jina lake. Ni mtu tangu siku ya kwanza. Ukimtoa, umeua."

Wapo waliolia. Nilimwambia siku moja kwamba ipo siku binti atazirai na mwanasesere mkononi. Akanijibu, "Bora azirai leo, wifi, kuliko azikwe kesho." Hakuna aliyeweza kubishana na Sabina akashinda. Ila nisimseme vibaya: hakuishia mdomoni. Binti mmoja aliyefukuzwa kwao na ujauzito alikaa kwa Sabina mpaka akajifungua, akala chakula chake, akalala kwenye kitanda chake, na Sabina na mume wake wakalala chini.

Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Alikuwa ameolewa na mdogo wangu Venant miaka kumi na moja, na wambea wa Kisesa, ambao hata mchana wa jua kali hawachoki, walikuwa na lao: anatetea matumbo ya wenzake kwa kuwa lake ni tupu. Sabina alisikia. Aliendelea kupakua wali.

Basi mwaka jana, akiwa amekaribia arobaini, akapata mimba.

Venant ni fundi pikipiki, mtu wa maneno machache mpaka unamwonea huruma. Mwaka jana alianza kuimba gereji. Kila jioni alileta samaki, sato mnono, akamkaanga kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mama yetu alilitazama akatikisa kichwa. Walishakubaliana kwamba akiwa wa kiume ataitwa Shimba, jina la marehemu baba yetu. Mama alipoambiwa hilo aliinuka akaenda jikoni, na tukamsikia akipuliza pua.

Mimba ilipoingia mwezi wa tano, chupa ya uzazi ilipasuka. Sabina alikuwa anakoroga uji wa wateja wa asubuhi. Tulimkimbiza mjini, kwenye hospitali kubwa, na mimi ndiye niliyebaki naye wodini.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alikaa pembeni ya kitanda, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari njema.

"Mama, maji yote yameisha," alisema. "Humo ndani hataweza kukua, na nje ni mdogo mno, hataishi. Tukisubiri, maambukizi yatakuingia wewe. Tunashauri tukuanzishie uchungu leo."

"Moyo wake unapiga?" Sabina aliuliza.

"Unapiga."

"Basi mwanangu yuko hai, na mimi sitatia sahihi."

Daktari alieleza tena. Venant alipoitwa ndani alipiga magoti kwenye sakafu ile, mbele ya wagonjwa wengine, akamwomba. Mimi nilimwomba. Sabina alinivuta mkono, akaniambia polepole, "Wifi, miaka yote hii nimewaambia watoto wa watu wasiogope. Leo imefika zamu yangu, unataka niwaambie nilikuwa natania?"

Nilimkasirikia. Niliikasirikia hata rozari aliyoishika. Nilitoka nje nikalia hadi nikachoka, halafu nikarudi nikakaa pale pale, maana ningekwenda wapi? Nilimpenda yule mwanamke kuliko ndugu zangu wengine wa damu, na alikuwa anakufa mbele yangu kwa ajili ya neno alilolisema mwenyewe.

Siku ya tatu homa ilipanda akaanza kuongea ovyo. Walipompima, moyo wa mtoto ulikuwa umesimama. Mtoto alitoka akiwa ameshakufa, wa kiume, na damu haikukata. Wakampeleka chumba cha upasuaji, wakatoa kizazi ili yeye abaki. Nesi alimkabidhi Venant kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kipande cha kanga, na Venant akakipeleka nyumbani kwa mama, akilia barabara nzima.

Sabina alipozinduka, aliambiwa yote.

"Msimzike mpaka nije," aliniambia. "Nenda kwa Katekista. Mwambie nina msiba."

Nilikwenda. Katekista Yeremia ndiye aliyeongoza semina zote za Sabina. Si mtu mbaya. Nilimkuta kwenye matuta yake ya viazi, akaacha jembe akanisikiliza, na machozi yakamlengalenga. Kisha akaanza kufuta mikono kwenye suruali, anafuta na kufuta, nikajua jibu.

"Dada Dorotea, hakubatizwa," alisema. "Kumzika kwa sala za Kanisa kunahitaji ruhusa, na Padre yuko kwenye mafungo. Mimi siwezi kujiamulia. Na watu wa jumuiya nitawaambia waje kwenye msiba wa nani?"

"Wa mtu, Katekista. Si mlisema ni mtu tangu siku ya kwanza?"

"Ni mtu."

"Akiwa tumboni ni mtu, akitoka amekufa mnasubiri ruhusa?"

Aliinamisha kichwa. Halafu akasema jambo ambalo nadhani alilisema kwa uchungu tu, bila kufikiri. "Angetoka akiwa hai, hata kwa pumzi moja, ungemmwagia maji ukambatiza wewe mwenyewe, nami nisingehitaji kumuuliza mtu."

Nikamkumbuka yule binti daktari pembeni ya kitanda. Angeanzishiwa uchungu siku ile, moyo ukiwa unapiga, huenda mtoto angetoka na pumzi yake. Neno hilo nimelimeza. Sabina hatalisikia kwangu mpaka naingia kaburini.

Nilipofika nyumbani, kule upande wa Bujora, mama yetu alikuwa anaosha mikono. Alikuwa ameshamlaza.

Katika ukoo wetu mimba iliyotoka haina msiba. Hakuna mkeka, hakuna turubai, na kulia ni mwiko. Mama mkwe anailaza peke yake mahali penye ubichi ili kizazi cha mkamwana kisikauke, na mwenye mimba haonyeshwi mahali. Mama alifanya kama alivyofanyiwa, kwa heshima na kwa usafi, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

"Mama," nilimwambia, "hicho kizazi unachokilinda kimeshatolewa."

Mikono yake ilibaki hewani, ikidondosha maji.

Sabina alirudi nyumbani, nasi tukamweka kwa mama ili apate wa kumwangalia. Watu wa jumuiya walikuja na sukari na sabuni. "Pole kwa kuugua," walisema mmoja mmoja. Sabina aliwashukuru, kisha akawaambia, "Ila mimi sikuugua. Nimefiwa." Waliangaliana. Mwanamke mmoja, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, akasema Mungu atampa mwingine. Venant aliinuka akatoka nje.

Tangu hapo ikawa hivi. Kila asubuhi Sabina alitoka chumbani ameshika mshono wake wa tumboni, akamwinamia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umemlaza wapi?"

"Hilo haliulizwi."

Naye mama anachukua fimbo yake anakwenda kwa mbuzi. Kesho yake vilevile. Hakuna aliyepandisha sauti, na mimi ningefurahi kama wangegombana. Sabina hakula vizuri, hakusali, na hakulia. Nilizikumbuka zile mbwembwe zake nikatamani anishinde kwa maneno hata mara moja.

Mchana mmoja mama alikuwa anapepeta mpunga uani. Sabina alikuja akakaa karibu yake, akauliza tena, na safari hii hakuanza na shikamoo. Mama alitupa ungo chini.

"Wewe ndiye wa kwanza?" alifoka. "Mimi mimba zimenitoka nne, mayu, mama wee! Nne! Na siku ya pili yake nikaenda shamba. Hakuna aliyenipa pole. Ziliitwa damu, nikaziita damu, nikaishi. Sasa wewe unakuja na mambo yenu ya semina, unaniambia huyu ni mtu. Huyu akiwa mtu, wangu walikuwa nini?"

Kuku walikuwa wameshaanza kudonoa mpunga. Hakuna aliyewafukuza.

"Walikuwa watu, mama," Sabina alisema.

Mama alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. Nilidhani atamfukuza. Badala yake alinyoosha mkono ili asaidiwe kuinuka, na ni Sabina aliyempa bega, yeye na mshono wake. Wakazunguka nyuma ya nyumba taratibu, mimi nikiwafuata, mpaka nyuma ya bafu la nyasi, ambako maji ya kuogea hutiririka na migomba imesongamana. Mama alielekeza fimbo chini ya mgomba mmoja mchanga, kwenye udongo uliosawazishwa vizuri kwa kiganja.

"Hapa," alisema. "Nilimlaza kwa ubavu."

Sabina alishuka kwa magoti. "Shimba," aliita. Akaita tena. Kisha kilio kikamtoka, kile alichokizuia tangu hospitalini, akalala kifudifudi kwenye matope yale na kuyakumbatia. Nilitaka kumwinua, nikaona ni ujinga. Mwache mtu amlilie mwanawe.

Nilipogeuka kumtazama mama, hakuwepo tulipomwacha. Alikuwa ameingia ndani ya migomba. Alisimama kwenye shina moja, akapekua majani makavu kwa fimbo, akatikisa kichwa, akaenda kwenye shina lingine.

"Mama, unatafuta nini?"

"Mama mkwe wangu hakunionyesha," alisema bila kunitazama. "Amekufa hajanionyesha hata mmoja. Lakini alikuwa anakuja huku huku, Dorotea. Nilikuwa namwona anakuja huku."

Ana miaka sabini na kitu, na miguu yake haimtaki tena. Nikaingia kwenye migomba nikamshika mkono, nikaanza kutazama chini pamoja naye, maana hao walikuwa ndugu zangu.