Akiba ya Kunenepa

Fundi cherehani wa kwetu hakati nguo ya mwanamke bila kuacha akiba. Akiba ni kile kitambaa cha ziada unachokikunja ndani ya mshono wa ubavuni, inchi moja au mbili kila upande, ili mwenye nguo akinenepa uifungue na gauni limwenee tena. Nilifundishwa hivyo, na mimi nikawafundisha wengine. Hakuna aliyewahi kunifundisha akiba ya kukonda. Nani angeihitaji? Mwanamke akishaolewa, akazaa, akala, anakwenda mbele tu.

Gauni ninalotaka kulieleza nilijishonea mwenyewe, la kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, kwa ajili ya siku ya posa ya binti yangu wa kwanza. Nyonga zangu wakati huo zilikuwa inchi hamsini na mbili, na bado nikaacha akiba ya inchi mbili kila upande. Binti huyo alipokuwa mdogo alikuwa na mchezo wake. Akinikuta kwenye cherehani barazani ananikumbatia kwa nyuma, anajaribu kukutanisha vidole juu ya tumbo langu, anashindwa, anacheka. "Mama, huzungukiki!" Na mimi namjibu, kula ugali, mikono irefuke.

Gauni lilikuwa limeshapigwa pasi na kutundikwa pale tumbo liliponikamata. Vidonda vya tumbo nilikuwa navyo miaka mingi, navituliza kwa maziwa, nikijiona mjanja. Asubuhi moja kimoja kikatoboka. Nilipopata fahamu nilikuwa hospitali ya misheni, nimeshonwa kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, mshono mzuri kwa kweli, hata mimi nisingeweza kuukosoa. Muuguzi akaniambia, "Tumekupunguza tumbo, mama. Zaidi ya nusu imetoka. Sasa utakula kidogo kidogo."

Nikacheka, na kucheka kuliniuma hadi machozi. Mwaka uleule mume wangu, karani wa chama cha ushirika, alikuwa amepunguzwa kazi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila ofisi inapunguza watu, na wateja wangu nao wamepungua kwa sababu mitumba imejaa sokoni. Nikamwambia muuguzi, "Basi nyumba yetu imekwisha kupunguzwa yote. Amebaki kuku." Hakuelewa. Akaniwekea mto vizuri akaenda zake.

Posa ikaahirishwa mpaka nipone, na nikapona. Hilo ndilo watu hawakulielewa: nilipona. Ila nilikuwa nakula matonge matatu ya ugali, la nne likiingia jasho linanitoka, moyo unaenda mbio, inabidi nilale. Mwili ukaanza kuondoka. Ulianza mashavuni, ukaja kifuani, kisha makalio yakaisha kabisa. Kigoda nilichokalia miaka kumi na mitano kikawa kinaniuma mifupa, nikakiwekea mto wa matambara. Pete ya ndoa ikawa inadondokea kwenye unga, nikaizungushia uzi mwekundu. Baridi ya Songea ya mwezi wa sita, ambayo zamani nilikuwa naisikia kwa watu, ikaniingia mimi mwenyewe, nikawa nashona nimevaa sweta mbili.

Na bado nilikuwa napita mlango wa jikoni kwa ubavu. Mlango mwembamba ule ulikuwa umenizoesha kugeuka, na miguu haikuwa imepata habari. Mume wangu alinikuta siku moja nimegeuka hivyo, najibana ili nipite mahali ambapo wangepita wawili kama mimi. Akanitazama, akaangalia chini.

Kuzunguka kovu palikuwa na ganzi. Nilikuwa nikibonyeza kwa kidole na sisikii kitu, kama nabonyeza mtu mwingine. Daktari alisema mishipa imekatwa, huenda itarudi, huenda isirudi. Nikaanza kuona kwamba ganzi ile haikuwa ya tumbo tu. Nilikuwa najua kwamba jambo fulani linasikitisha, nalijua kabisa, lakini lilikuwa halifiki.

Mtaani kwetu Bombambili, siku zile, mtu hakondi bure. Ukikonda, wamekwisha kukupima damu kwa macho. "Amekanyaga waya," wanasema, maana yake una ule ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa jina. Jirani yangu akinipita ananiambia, "Pole, mama." Nikimuuliza pole ya nini, anasema, "Pole tu." Pole tu! Nilitamani kumwambia akaiweke kwenye chai. Damu yangu ilipimwa siku ile ya kupasuliwa, ikawa safi, na cheti ninacho. Lakini utamwonyesha nani cheti? Utakipachika kwenye khanga? Wateja wakaanza kuniletea gauni la zamani la kupimia ili nisiwazungushie futi kamba mwilini. Nikapima magauni. Magauni hayaogopi.

Kisha mshenga akaja. Alikuwa mzee mpole, anakuja kwa baiskeli, na wenyewe waliomtuma ni wakulima wa upande wa Hanga. Kijana wao alijifunza useremala kwa watawa, ana mikono mizuri, na binti yangu alikuwa anampenda kiasi kwamba hata akitumwa chumvi anarudi na sukari. Mshenga akanywa togwa, akafuta mdomo, akasema, "Wenzetu wanauliza afya ya mama."

"Waambie mama amekuuliza afya yao," nikamjibu.

Akacheka kidogo. "Mama, wale ni watu wa shamba, wanaangalia. Wanasikia maneno. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Basi likija lipitie hapa nilipime suruali."

Mume wangu akakohoa. Mshenga akaangalia kata ya togwa. Sikuwa hata na hasira, mdomo ulikuwa unajisemea wenyewe kwa mazoea. Nilimwelewa vizuri sana. Wale watu walikuwa wanataka kumwona mama wa binti, na wakimwona jinsi alivyo, posa hairudi tena.

Binti yangu alikuja kwangu kesho yake, mchana, nikitia uzi kwenye sindano. Akachuchumaa karibu na kigoda, akawa anaokota vipande vya kitambaa sakafuni, kimoja kimoja.

"Mama, mama mkubwa anakuja kwa posa?"

"Anakuja. Kwa nini?"

"Nilikuwa nafikiri..." Akaokota vipande vingine viwili. "Siku hiyo mama mkubwa akae kwenye kiti chako. Mama mkubwa naye ni mama. Hatutakuwa tumesema uongo."

Na kweli, hapo ndipo Kiswahili chetu kinapomsaidia mtu. Dada wa mama ni mama. Mshenga akisema "mama wa binti ndiye huyu," hata padri hawezi kumkamata. Mtoto alikuwa amelifikiria kweli, nikajua hakulala usiku kadhaa. Nikaingojea hasira. Nikaingojea kama unavyongoja chafya. Haikuja.

"Sawa," nikamwambia. "Nipishe, unanizibia mwanga."

Dada yangu alifika kutoka Nalasi baada ya siku mbili njiani, na kikapu cha korosho. Yeye ameolewa huko, na anakula huko. Aliponiona akaangusha kikapu, akalia barabarani bila aibu, mpaka ikabidi nimtulize mimi. Nilipomweleza kazi aliyoitiwa, kilio kikakatika papo hapo.

"Mimi nikalie kiti chako? Kwani umekufa?"

"Bado."

"Usinitanie! Mama mzazi yupo, anapumua, mimi niketi pale nishangiliwe? Nitawaambia palepale. Nitawaambia mdogo wangu kapasuliwa tumbo, na asiyeamini nimfunulie."

"Utawaambia, na wao watapanda baiskeli zao. Halafu?"

Akakaa kitandani. Nikalitoa gauni la zambarau.

Lilimkaa, ila lilimbana kidogo ubavuni. Dada alikuwa amenizidi hata nilivyokuwa mimi. Nikamsimamisha katikati ya chumba, nikaligeuza gauni, nikachukua wembe, nikaanza kufumua mshono wa ndani. Ile akiba niliyokuwa nimejiachia mimi, ya kunenepea, nikaifungua inchi kwa inchi, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Nikaishona upya. Kitenge kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa kinang'aa kuliko cha nje, kwa hiyo ubavuni pakawa na mistari miwili mipya.

"Nguo za mtu," dada akasema taratibu, "ndugu hupewa siku ya kuondoa matanga."

"Simama wima, nitakuchoma."

"Mdogo wangu, huoni uchungu?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia, sioni kitu. Akanishika shavu kwa kiganja chake chote, nacho kikafunika uso mzima. Nikamalizia upindo.

Siku ya posa wageni walikuja saba. Wanaume wakaketi sebuleni na mume wangu na shemeji zake, na kwenye kiti cha mkono wa kulia akaketi dada yangu, amejaa gauni, kilemba juu, amenuna. Kununa kulimfaa, alionekana mama mwenye uchungu wa kumtoa mtoto. Mimi nilikuwa jikoni uani, na wali, mbuzi, na samaki wa Nyasa niliowapaka nazi. Hapo pia hakuna uongo: kila mtu anajua mapishi yangu. Nilikuwa naonja kwa ncha ya ulimi na kutema.

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nikasikia binti yangu anaitwa, anaulizwa kama anawafahamu watu hawa, na yeye kwa sauti ndogo anasema anawafahamu. Nikasikia shangazi wa kijana, mwanamke mwenye sauti ya kanisani, anasema, "Na mama ndiye huyu? Jamani, tulisikia mengi! Mama ana mwili wake, ana afya yake. Tumshukuru Mungu." Vigelegele vikapigwa. Nikapunguza moto chini ya wali.

Wakati wa kunawa yule shangazi akatokea uani mwenyewe, anatafuta maji. Binti yangu alikuwa nyuma yake na sinia. Shangazi akanitazama kuanzia miguu kwenda juu, akasimama mbali kidogo.

"Umepika vizuri, dada. Harufu imefika mpaka ndani."

"Asante. Karibuni."

"Na wewe pole. Unaumwa?"

"Nilipasuliwa tumbo. Nimepona."

"Aa," akasema, kwa namna ile wanayosema watu wasioamini. Kisha akajaribu kuwa mwema, namwelewa, alikuwa na siku ya furaha. "Bahati ya huyu mama kuwa na mtu wa kumsaidia jikoni. Wewe ni nani yake?"

Nilimwona binti yangu juu ya bega la yule mwanamke. Alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili, mdomo umefunguka. Alikuwa karibu kusema. Nilimjua tangu tumboni, nilijua sura yake ya kutaka kusema kweli, na kwamba akisema neno moja tu, la herufi nne, kila kitu kilichofanyika ndani ya nyumba ile kitakuwa bure.

Nikawahi. "Mimi ni mdogo wake," nikasema.

Na hata hilo halikuwa uongo.

Shangazi akanawa, akashukuru, akarudi ndani. Nikageukia sufuria, nikashika mwiko. Nikasikia sinia linawekwa chini. Kisha mikono ikanijia kwa nyuma, ikapita kwapani, ikazunguka tumbo, juu ya kovu, pale penye ganzi. Vidole vikakutana. Havikuishia kukutana, vikapitana, mkono wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia na wa kulia ukashika cha kushoto, na bado nafasi ikabaki. Mimi ni fundi, nikapima bila kutaka. Hakucheka. Mgongo wangu ukalowa taratibu.

Chini ya mikono ile sikusikia kitu. Niliona tu kwamba ipo.

"Niachie," nikamwambia. "Wali unaungua, na mama yako anangoja chakula."