Kisu Kilichokataa Mkono wa Kulia

Kisu cha sokoni kilipinda kwenye kichwa cha mbuta kama ulimi wa mbwa aliyechoka, na hapo ndipo maneno yote haya yalipoanza. Nilikuwa nyumbani kwetu Kombewa, nimechuchumaa juu ya majani ya mgomba, samaki mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na kisu kimelala ubavu kinanitazama. Nikakitupa kwenye shimo la takataka. Kilikuwa cha nne mwaka huo. Nikajiuliza: mimi nimezaa watoto saba, jiko langu nimelikandika kwa mikono yangu, nimemzika mama mkwe aliyenichukia na nikamlilia kwa sauti kushinda binti zake wa kuzaa. Kisu ni kitu gani kinishinde?

Mjukuu wangu wa kike, yule mwalimu aliyesoma Maseno, ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake. Kulikuwa na Mzungu mwenye ndevu mpaka kifuani anatoa kisu ndani ya kipande cha chuma kibovu. Sikuelewa neno hata moja. Shule niliiacha darasa la tatu, na Kiingereza nilichotoka nacho huko ni salamu ya asubuhi na amri ya kukaa chini. Lakini nilitazama mikono yake, na mikono niliielewa. Nilimtazama huyo Mzungu mwezi mzima mpaka nikajua siku akigombana na mkewe, kwa maana siku hiyo alikuwa anapiga nyundo vibaya.

Mjukuu aliniambia, maana kwetu bibi huitwa Dana, "Dana, hiyo ni kazi ya watu wasiokuwa na kazi."

Nikamwambia hata mimi sina.

Nikaenda Kisumu kwa mafundi wa jua kali kuchagua vifaa. Fundi mmoja anayefua mapanga na majembe aliniuliza natafuta nini, nikamwambia springi ya lori. Akaniuliza lori langu limeharibikia wapi. Nilipomwambia ni ya kutengeneza kisu aliita wenzake wawili waje wasikie. Basi wakakaa wanisikilize. Nikaokota jiwe, nikagonga springi moja moja huku nimeweka sikio. Ya kwanza iliimba. Ya pili ikakohoa. Fundi akacheka, akaigeuza ile iliyokohoa, akakuta ufa mwembamba kama unywele. Hakucheka tena. Kwa upande wa tupa nilizipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba. Tupa inayouma ukucha kama mbuzi, chukua. Inayoteleza kama mwanasiasa aliyeulizwa habari ya barabara, rudisha. Alitaka kunipa grinda ya umeme nikamkatalia, kwa sababu umeme wa kwetu ukiona wingu unakimbia kushinda kuku.

Kumbe kando pale kulikuwa na baiskeli ya mzee mmoja aliyekuwa akizunguka mitaa ya Migosi akinoa visu vya watu. Goti lilikuwa limemvimba, ameacha kazi. Ilikuwa na stendi ya kulinyanyua gurudumu la nyuma, na mbele ya usukani amefunga jiwe la kunolea, la duara. Unapanda, unapiga pedali, jiwe linazunguka, wewe huendi popote. Niliipenda kama vile nilivyompenda mzee wangu zamani, yaani bila kufikiri.

Kisu chenyewe nilikifulia nyuma ya jiko. Mkaa ulitaka upepo, nikachukua ile mashine ya mjukuu ya kukausha nywele, nikaipulizia moto mpaka pua yake ikayeyuka na kuinama. Mzungu alisema kwa mikono kwamba chuma kikiwa tayari sumaku haikishiki, basi nikavunja redio iliyokufa nikatoa sumaku yake. Sumaku ilipoacha kushika nikakizamisha kisu kwenye mafuta. Mafuta niliyokuwa nayo ni yale yaliyokaangia samaki. Moshi uliotoka uliwakusanya paka wa boma zima na wa boma la jirani, wakakaa mduara wakingoja kisu kiive.

Halafu ikaja kazi ya kunoa, ambayo ndiyo kazi hasa. Kila asubuhi nilipanda baiskeli yangu chini ya dirisha, nimevaa rinda na kilemba, nikapiga pedali cheche zikiruka. Wapita njia walinisalimia na kuniuliza naenda wapi. Nikawaambia Uganda. Akina mama wa kanisa walikuja sita, wakaniombea dua ndefu juu ya wazee wanaokimbia bila kusonga mbele, na mmoja akarudi peke yake jioni na jembe lake nimnolee.

Mzee wangu hakuona cha kuchekesha. Alisema mtu wa umri wangu juu ya baiskeli ni aibu, na baiskeli isiyoenda popote ni aibu mara mbili. Mwisho akanikalisha chini mbele ya watoto wetu. Ilikuwa imebaki wiki tatu wakwe waje kwa ajili ya mahari ya mjukuu yule mwalimu, na mimi nilikuwa nimeshasema mbele ya kila mtu kwamba nyama ya siku hiyo itakatwa na kisu nilichotengeneza mimi.

"Sawa," akasema. "Kikate. Kikikata vizuri, baiskeli itakaa hapa mpaka tufe. Kikituaibisha mbele ya wakwe, nitaisukuma mwenyewe mpaka ziwani niitumbukize."

"Isukume," nikamwambia, "lakini ukumbuke hujui kuogelea."

Nilicheka mdomoni. Moyoni sikucheka. Ile baiskeli ndiyo kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokinunua bila kumpikia mtu, kumwogesha mtu wala kumvika mtu.

Nilipeleka kisu Kisumu kwa yule fundi anipigie misumari ya mpini. Akakigeuza, akakigeuza tena, akasema nimesahau upande mmoja. Nikamwambia sijasahau. Mimi ni wa kushoto. Mwalimu wa darasa la pili aliufunga mkono huo kwa kamba nijifunze kuandika na wa kulia, ndiyo maana mwandiko wangu hata leo unafanana na njia ya konokono. Juu ya baiskeli mkono wa kushoto ndio uliokuwa unashika kisu kwenye jiwe, na ubavu wa pili niliuacha bapa. Fundi akanieleza kwamba makali ni kama paa la nyumba, yanateremka pande mbili. "Hiki chako, Dana, ni kibanda cha mbuzi. Maji yote yanakwenda upande mmoja." Nikamjibu kwamba mbuzi wangu hawajawahi kulowa. Akakijaribu kwenye mkono wake, kikanyoa vinyweleo safi kama kinyozi, akachukua nyundo akanipigia misumari.

Nyumbani kilikata kila kitu. Mbuta, maboga, kamba, mpaka kichwa cha kambare. Lakini nilikuwa na kiburi, na kiburi kilinifanya nisimruhusu mtu mwingine akiguse. Nilikifunga kwenye kitambaa nikakilaza chini ya mto. Hapo ndipo nilipokosea.

Siku ikafika. Wakwe walikuwa kumi na wawili, suti zimepigwa pasi, msemaji wao ni baba mdogo wa bwana harusi, mtu mwenye tumbo na sauti. Katikati walimkalisha babu wa bwana harusi, mzee mwembamba aliyetusalimu vizuri halafu akanyamaza kabisa. Mama wa mjukuu, mke wa mwanangu, alijificha jikoni inavyotakiwa, maana kwetu mama wa msichana hazururi mbele ya wakwe, sembuse kula mbele yao. Tangu dahari wanaume wa boma ndio wanaokata nyama. Mzee wangu, na hili nitampa haki yake, hakujaribu kuniibia sifa. Alikifungua kisu mbele ya watu wote, akasema kimetengenezwa na mkewe, akakishika kwa mkono wa kulia na kukikandamiza kwenye paja la ng'ombe.

Kisu kikaenda zake kulia. Kipande kilianza kinene kama tofali kikaishia chembamba kama karatasi. Akajaribu tena, kisu kikatoka nje ya nyama kikaenda kukata meza. Akamkabidhi mwanangu mkubwa, ambaye ana nguvu za fahali na akili zinazolingana nazo. Yeye alisukuma kwa hasira, kisu kikateleza kando, kipande kikaruka na kumwangukia msemaji kwenye tai. Wakwe wakacheka kwa adabu. Halafu wakaacha kucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Msemaji akaitoa nyama kwenye tai yake, akaitazama.

"Labda huyu ng'ombe wenu hajakubali," akasema.

Neno kama hilo siku ya mahari si mchezo. Mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu na pazia, uso wake umekuwa rangi ya uji. Mzee wangu aligeuka taratibu akatazama nje dirishani, kule baiskeli iliko, na mimi niliyemjua miaka hamsini nikaona kabisa ameshaanza kuisukuma.

Nilikuwa mlangoni na jagi la kunawisha wageni. Nikamtazama mwanangu alivyokishika kisu, nikaona mkono, nikaelewa. Nikaweka jagi chini, nikaingia, nikakichukua. Kwa kushoto. Nikakata. Vipande vikalala kimoja juu ya kimoja kama kurasa za kitabu cha nyimbo.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Msemaji akasukuma sahani yake mbele. "Mama, utatusamehe. Sisi chakula cha mkono wa kushoto hatuli."

"Wa kushoto unakata, baba," nikamwambia. "Wa kulia ndio utakupa. Hii mikono yangu haijawahi kuonana."

Basi yakazuka mabishano, na nyama inapoa. Shemeji yangu akasema kwamba ng'ombe mwenyewe ana mguu wa kushoto, je, huo nao tuutupe? Mmoja wa wakwe akajibu kwamba mguu haujakula kiapo. Kiapo gani, hakusema. Mwingine akauliza ng'ombe hukamuliwa na mikono mingapi, na kama ni miwili, maziwa ya mkono wa kushoto huwa tunayajuaje yakishaingia kwenye kibuyu. Hapo wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe. Wawili walitoka nje kushauriana, wakarudi wakiwa wamegombana.

Katikati ya kelele yule babu akasimama na fimbo yake. Akaja mpaka mezani, akanyoosha mkono bila neno, nikampa kisu. Akakata kwa kulia, kikaenda upande. Akawatazama watu wake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akakihamishia kushoto, na kipande kikashuka sawasawa, chote kwa unene mmoja.

"Baba?" msemaji akaita, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

"Kula," mzee akamwambia.

Wakala. Lakini sasa yule babu hatukuweza kumzuia. Alimaliza paja lote, akakata chapati ambazo hazikuhitaji kukatwa, akakata ugali kama sabuni. Meza ilipoisha akauliza kama kuna kabichi, na kabla mtu hajamjibu akainuka kuelekea jikoni. Mke wa mwanangu alikuwa huko, amekaa juu ya kigoda na kipande cha nyama mdomoni. Aliposikia fimbo ya mkwe inakuja, na mlango ni mmoja, akatoka kwa dirisha. Yeye si mwembamba. Dirisha lilitoka naye.

Mimi nilikimbilia nje kumsaidia, ndipo nikamwona mzee wangu kwenye baiskeli, ameshaishusha kwenye stendi. Nikamuuliza anafanya nini wakati kisu kimekata na wakwe wamekula. Akasema kimekata, ndiyo, lakini kimetuaibisha mara mbili kabla ya kukata, na makubaliano yalikuwa aibu. Tulikuwa tunavutana, mimi nimeshika tandiko yeye ameshika usukani, tukasikia fimbo nyuma yetu. Babu wa wakwe alikuwa na kisu mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, kabichi kwapani. Akauliza kisu kimenolewa wapi. Nikamwonyesha jiwe. Akampa mzee wangu ile kabichi na fimbo, akasubiri niirudishe baiskeli kwenye stendi, akapanda.

Sasa elewa. Mkwe huwezi kumwambia ashuke. Huwezi kumshika, huwezi kumsukuma, hata kumkunjia uso siku kama hiyo ni mkosi. Mzee wangu alisimama na kabichi kwapani, na mkwe akaanza kupiga pedali, koti la suti linapepea, cheche zinaruka kwenye viatu vilivyong'arishwa.

"Shika usukani vizuri, bwana," akamwambia, "inayumba."

Mzee wangu akashika. Alishika mpaka magari ya wakwe yakapiga honi, na yakapiga honi tena.

Mahari ilikubaliwa, mjukuu wangu ameolewa vizuri, na baiskeli iko chini ya dirisha. Mzee wangu hataji ziwa tena. Ila yule babu ameshika njia. Kila Jumamosi ya pili anashuka hapa na mfuko wa vyuma vyake, ananoa mpaka mchana, na mkwe haondoki kwa mtu bila kuchinjiwa kuku. Alipoanza kuja nilikuwa na kuku ishirini na mmoja. Sasa kuna jogoo na tetea wawili. Mzee wangu alinunua kufuli ya banda, akaufunga ufunguo kiunoni, akaapa kwamba hata wakwe wana mwisho. Jumamosi iliyopita nilisikia jiwe linalia mapema kuliko kawaida. Nilipotoka nikawakuta wawili, babu juu ya tandiko, mzee wangu kwenye usukani anamweleza alivyouacha vibaya upande wa ncha. Banda lilikuwa wazi, na tetea mmoja alikuwa ameshafungwa miguu.